Wazazi na Mafundisho Yatokayo Mbali

Katika kijitabu hiki cha Jubilei wenzetu wamekwisha kuandika habari za makanisa, za mapadre waliotutangulia, na za Jimbo letu la Singida tangu lilipozaliwa mwaka 1972 chini ya Baba Askofu Bernard Mabula. Sisi tumepewa kurasa za shule. Habari za shule ni nyingi kupita kurasa hizo, basi tumechagua moja tu, nayo ni ile ambayo wazazi wa Nduguti hutuuliza mara nyingi siku ya Jumapili, ibada ikiisha, watu wangali wamesimama kivulini. Huuliza: shule ikiacha mafundisho ya Serikali ya Tanzania, ikashika mafundisho ya nchi za nje wanayoyaita mtaala wa kimataifa, mtoto wangu atakuwa mtu wa wapi, na cheti chake kitamfungulia mlango upi?

Msomaji asiyeijua Nduguti aweza kustaajabu kwamba swali hili laulizwa huku. Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, wilaya changa iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012. Watu wake wengi ni Wanyiramba na Wanyisanzu, wakulima na wafugaji. Na porini, pande za Munguli, wako Wahadzabe. Hapa karo huhesabiwa kwa magunia ya alizeti na ya vitunguu kabla haijahesabiwa kwa fedha, na mwaka ambao mvua imekataa, karo nayo hukataa. Walakini hata huku wako wazazi, watumishi wa Serikali na wafanya biashara, na wakulima hodari pia, wanaowapeleka watoto wao katika shule za kulipia za Singida, Arusha na Mwanza. Na katika nchi yetu ziko shule za kulipia zilizokwisha kubadili mafundisho yao, na nyingine zasema zitabadili.

Kisa kimoja twakijua vema kwa kuwa kilitokea nyumbani mwetu. Mtoto wa ndugu yetu alikuwa akisoma darasa la tano katika shule ya bweni ya kulipia, mbali na hapa. Jina lake hatulitaji, maana hatuandiki kwa ajili ya kushitaki. Mwezi wa Novemba barua ikaja. Ilisema ya kuwa tangu Januari madarasa ya juu yatafuata mafundisho ya Cambridge, karo itaongezeka, na wazazi wote wanakaribishwa mkutanoni wapate kuelezwa. Wapate kuelezwa, si kuulizwa. Ndugu yetu akasafiri, akafika, akasimama mkutanoni, akauliza kama mtoto wake atafanya mtihani wa darasa la saba. Akajibiwa ya kwamba cheti cha shule hii kitatambulikana ulimwenguni kote. Akauliza mara ya pili, akajibiwa vile vile. Akaketi. Mwaka ule alilipa, kwa kuona haya mbele ya wenzake, akauza ng'ombe wawili. Mwaka uliofuata hakuweza. Mtoto akarudi shule ya kijijini, na mwalimu mkuu, mtu wa haki, akampima, akaona Kiingereza chake chapita cha baadhi ya walimu, lakini mambo ya uraia hayajui, historia ya nchi yake haijui, na hesabu amezisoma kwa mpango mwingine. Ikambidi kulisoma tena darasa la sita.

Basi tulipoanza kupekua habari za shule katika Tanganyika kwa ajili ya kijitabu hiki, tulikuwa na kisa hicho moyoni. Tulitazamia kuona wazee wetu wa zamani wakiyaogopa mafundisho ya kigeni kama ndugu yetu alivyoyaogopa. Tuliyoyakuta ni kinyume. Zamani wazazi walinung'unika kwa sababu ya kunyimwa mafundisho yatokayo mbali. Leo wananung'unika kwa sababu ya kupewa. Jambo hili lilitushangaza, nalo ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Shule ya kwanza ya wazee wetu wengi ilikuwa shule ya mwalimu wa dini: paa la nyasi, ubao mmoja, watoto wameketi chini, na kitabu cha katekisimu ndicho kitabu cha kusomea. Huku Iramba ndugu zetu Walutheri ndio waliotangulia, wamisionari wa Leipzig kabla ya vita vya 1914, kisha Waamerika wa misheni ya Augustana. Na walimu waliotoka Kinampanda, mahali walipojenga kazi ya ualimu, wamefundisha watoto wa kila dhehebu. Twalitaja hilo kwa shukrani. Katika shule hizo za kwanza mzazi hakuwa na neno na mafundisho, ila kwamba mtoto aliyekaa darasani hakuchunga mbuzi.

Neno lilianza Serikali ilipoingia. Mwaka 1925 Serikali ya Kiingereza ilikutana na wamisionari Dar es Salaam, wakapatana: misheni itakayofuata mpango wa Serikali wa mafundisho na kuweka walimu wenye vyeti itapata msaada wa fedha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Monsinyori Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, alikuja Dar es Salaam akawaambia maaskofu na wakuu wa misheni neno lililowashitua wengi, ya kuwa wasipoweza kufanya kazi zote mbili pamoja, heri waache makanisa kwanza wakamilishe shule. Wakatii. Shule za misheni zikapata madawati, ramani na wakaguzi. Lakini shule ya mwalimu wa katekisimu, ambayo haikuwa na cheti wala mpango uliokubaliwa, iliachwa na ubao wake ule ule mmoja. Sisi walimu wa dini tungali twakumbushana habari hiyo, wakati mwingine kwa kucheka, wakati mwingine si kwa kucheka.

Na mpango wenyewe ulitoka wapi? Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, chini ya Bwana Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, mtu aliyependwa kila alipokwenda. Tume ilishauri kwamba Mwafrika afundishwe mambo yanayofanana na maisha yake ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono, na lugha ya kwao. Ushauri huo ulisifiwa sana kuwa ni wa Kiafrika. Kwa kweli nao ulikuwa umetoka mbali, maana mfano wake mkubwa ulikuwa shule za watu weusi wa kusini ya Marekani, Hampton na Tuskegee. Hilo husahauliwa upesi.

Mahali mpango huo ulipojaribiwa kwa bidii kuliko pote katika nchi yetu ni Malangali, katika jimbo la Iringa la siku zile, nchi iliyo leo wilaya ya Mufindi. Mwaka 1928 Bwana W. B. Mumford alifungua shule huko kwa nia ya kuwalea wavulana katika desturi za makabila yao huku wakisoma. Nyumba zilijengwa kwa kufuata mfano wa nyumba za wenyeji. Wavulana hawakuvaa kaptura bali nguo za kujitanda. Wazee waliitwa shuleni kuwasimulia habari za kale. Ngoma zilichezwa, mikuki ilirushwa, ng'ombe walichungwa. Bwana Mumford aliandika habari za shule yake, na wataalamu wa Ulaya wakazisoma kwa furaha kubwa, wakiona ya kuwa hapa ndipo Mwafrika hakugeuzwa kuwa Mzungu mweusi.

Msomaji wa leo aweza kuuliza, Je, kuna ubaya gani? Sisi wenyewe twalalamika kila siku kwamba vijana hawajui mila. Walakini wazazi na wanafunzi wengi waliutazama mpango ule kwa shaka. Kurusha mkuki mtoto angefundishwa na babu yake, bila shule na bila karo. Shuleni alipelekwa kutafuta kitu ambacho babu yake hakuwa nacho. Tena walikuwa na macho. Waliona ya kuwa serikali ile ile iliyosema kwamba Mwafrika yamfaa mkuki na jembe ilikuwa na shule za namna nyingine kwa watoto wa Kizungu, na nyingine kwa watoto wa Kihindi, wala katika hizo mtoto hakuambiwa arudie desturi za mababu. Shule zikagawanyika hivyo kwa rangi mpaka wakati wa uhuru. Ni mwaka 1962 tu zilipounganishwa kuwa utaratibu mmoja. Bwana Mumford alipoondoka Malangali mpango wake haukudumu. Shule ikawa kama shule nyingine, na hata leo ni shule ya sekondari yenye jina.

Jirani zetu wa Kenya walifanya zaidi ya kushuku. Wazazi wa Kikikuyu, walipogombana na misheni mwaka 1929 kwa ajili ya desturi ya tohara ya wasichana, walijitoa wakajenga shule zao wenyewe kwa michango yao. Twaweza kudhani kwamba watu waliotoka misheni kwa kutetea mila yao wangefundisha mila tupu. Sivyo. Jambo moja walilolidai kwa nguvu ni kwamba watoto wao waanze Kiingereza mapema. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange aliyekuwa amesoma ng'ambo. Shule hizo zilifungwa na Serikali ya kikoloni mwaka 1952, siku za hali ya hatari. Habari hii twaiona ina maana kubwa: mzazi yule yule aliyeshika mila kwa mkono mmoja alinyosha mkono wa pili aipate elimu ya mbali, wala hakuona kwamba mikono hiyo yapingana.

Sasa tufike Cambridge yenyewe, ambayo ndugu yetu aliisikia mara ya kwanza katika barua ya Novemba, asijue ya kuwa jina hilo lilikuwa maarufu katika nchi hii kabla yeye hajazaliwa.

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwapima watoto wa shule mwaka 1858, na baada ya miaka michache mitihani yake ikavuka bahari. Katika nchi yetu, tangu mwaka 1947 hata 1971, mwanafunzi wa sekondari alifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza. Majibu yalifungwa, yakasafirishwa, yakasahihishwa Uingereza. Na vyeti vikaletwa kutoka huko. Mafundisho ya kigeni kuliko hayo ni vigumu kuyafikiri. Tena waliofika mtihani huo walikuwa wachache mno. Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, shule zote za sekondari za Tanganyika zilikuwa na wanafunzi 11,832, na wa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Nchi nzima, 176. Kuna shule moja moja leo zenye zaidi ya hao.

Kwa nini basi mzazi wa siku zile aliupenda mtihani huo? Si kwa sababu alipenda habari za wafalme wa Uingereza. Aliupenda kwa sababu mtoto wa Mzungu aliyesoma katika nchi hii, na mtoto wa Mhindi, walipimwa nao pia. Katika nchi ambayo karibu kila kitu kilipimwa kwa rangi, hospitali na mshahara na kiti cha treni, hapa palikuwa na karatasi ambayo msahihishaji wake hakuiona rangi ya mwandishi. Mlango ulikuwa mbali, nao ulikuwa mwembamba, ila ulikuwa mlango mmoja. Na mpango wa mkuki na jembe, ingawa ulisemwa kuwa ni wa kwetu, ulikuwa mlango wa pembeni.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mioyo ya wazazi haikugeuka. Mlango ndio uliohama.

Aliyeuhamisha alikuwa amepita humo mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere aliingia shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora, akasoma Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mafundisho ya Kiingereza aliyajua mpaka ndani. Ndiye aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, kwanza habari za Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na katikati ya miaka hiyo miwili, Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, aliandika Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema wazi kwamba mitihani tunayowapa watoto wetu yafuata kipimo cha nje kisichojali shida za nchi yetu, na kwamba shule za msingi zinaandaa watoto wote kwa sekondari ingawa katika kila mia ni kumi na watatu tu watakaopata nafasi. Wengine walisema anachukia elimu ya Kizungu. Mtu anayeichukia hakeshi usiku akiifasiri.

Mambo yakafuatana upesi. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikatoka, na mwaka 1970 shule za misheni zikachukuliwa na Serikali, isipokuwa seminari. Mwaka 1971 nchi ikaachana na mitihani ya Cambridge, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Mwaka 1974 chama kikaazimia Musoma kwamba watoto wote waandikishwe shule, na ifikapo 1977 kazi hiyo ikawa imeenea nchi nzima.

Tusiseme kwamba wazazi walishangilia yote. Shamba la shule lilileta manung'uniko mengi. Baba alisema amemtuma mtoto kusoma naye arudi na udongo miguuni, kana kwamba nyumbani hakuna shamba. Ni sauti ile ile ya Malangali. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Malangali haikuwa nalo. Safari hii jembe lilikuwa la wote, la mtoto wa karani na la mtoto wa mchungaji ng'ombe, na mwisho wa yote ulikuwa mtihani mmoja. Mtoto wa Nduguti na mtoto wa Dar es Salaam walifungua karatasi ile ile siku ile ile, kwa lugha ambayo wote waliisikia sokoni. Hatusemi ya kuwa walikuwa sawa. Mwenye vitabu na mwenye taa usiku hakuwa sawa na asiye navyo, wala leo si sawa. Lakini mlango ulikuwa hapa nchini, na mzazi aliujua ulipo.

Kisha milango ikaongezeka. Katika miaka ya 1990, na hasa tangu sera ya elimu ya mwaka 1995, watu binafsi na makanisa waliruhusiwa kwa upana kufungua shule tena, na nyingi zikafundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kanisa letu nalo limefungua za namna hiyo. Wazazi walizikimbilia, kwa kuwa sekondari yote ni kwa Kiingereza na mtoto wa shule ya Kiswahili huingia kidato cha kwanza kama mtu aliyetupwa mtoni. Shule nyingi katika hizo zilifuata mafundisho ya Tanzania na mtihani wa Tanzania. Lugha tu ndiyo iliyokuwa nyingine. Mzazi hakuogopa, maana mlango ulikuwa ule ule.

Tena zilikuwapo tangu zamani shule za kimataifa zenyewe. Shule ya kimataifa ya Moshi ilianzishwa mwaka 1969 kwa ajili hasa ya watoto wa wageni waliokuja kufanya kazi Kilimanjaro, katika habari za hospitali ya KCMC, na mwaka 1977 ikawa ya kwanza katika Afrika kufundisha mpango wa kidato cha juu uliotungwa Geneva. Tangu mwaka 2019 inaitwa United World College East Africa. Hatujasikia wazazi wa Kitanzania wakiinung'unikia, nasi twadhani sababu ni rahisi: haikumgeukia mtoto wa mtu njiani. Aliyempeleka mtoto huko alijua anampeleka wapi.

Hofu ya leo ni nyingine. Ni ya mzazi aliyeingiza mtoto katika shule ya mpango mmoja, akalipa miaka mitano, kisha akaambiwa mpango umebadilishwa. Cambridge ya leo si ile ya mwaka 1947. Mtihani wake wa sekondari unaotumika sasa, uitwao IGCSE, ulianza kufanywa mwaka 1988. Twapenda kuwa wa haki, tuseme na mema yake. Mpango huo humtaka mtoto afikiri na kujaribu, si kukariri tu, na walimu wetu wengi wangependa kufundisha hivyo kama wangekuwa na vifaa na madarasa yasiyofurika. Wala si kweli, kama wengine wanavyosema, kwamba mwenye cheti cha nje amefungiwa vyuo vya Tanzania. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nje na vyetu. Mama mmoja alituambia, "Mwalimu, mimi siogopi Kiingereza wala siogopi Wazungu. Naogopa kukwama katikati ya daraja." Hatukuona njia ya kulisema vizuri zaidi.

Maana mafundisho ya nje yana gharama inayopanda kila darasa, na ada ya mtihani hulipwa juu ya karo. Mzazi wa mshahara mkubwa hupanda daraja akalimaliza. Mzazi wa vitunguu hupanda mwaka wa mvua, akasimama mwaka wa ukame. Mtoto wake akirudi nyuma anakuta kwamba darasa la saba wamesoma mambo ambayo yeye hakuyasoma. Zamani mtihani wa Cambridge ulikuwa mlango mmoja wa wote waliofika. Leo umekuwa mlango wa wenye kulipa, na mtihani wa Taifa ndio mlango wa wote. Ndiyo maana mjukuu wa yule aliyeutamani anausimamia kwa mashaka. Wote wawili, babu na mjukuu, walitaka mtoto wao asimame mstari mmoja na watoto wa wengine.

Na tusidhani kwamba ni mafundisho ya nje tu yabadilikayo bila mzazi kuulizwa. Mtaala mpya wa Taifa ulianza kutumika Januari 2024, kwa kufuata sera ya 2014 iliyotengenezwa upya mwaka 2023, na wazazi wengi hapa walijua habari zake siku mtoto alipokuja na orodha ya vitabu. Kenya walianza mtaala wao wa umahiri mwaka 2017, na kelele za wazazi juu ya gharama za vifaa zilisikika mpaka kwetu. Hata sisi wa Kanisa hatuna mikono safi. Mapatano ya 1925 yalikuwa ya maofisa na wamisionari. Neno la Monsinyori Hinsley la 1928 lilikwenda kwa maaskofu na wakuu wa misheni. Mzazi aliyekuwa akitoa mtoto hakuitwa. Mwaka 1970 shule zilipochukuliwa hakuitwa pia. Na hali tangu tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso Mkuu, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, umekwisha kufundisha ya kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na wengine wote ni wasaidizi. Tamko hilo twalisoma katika semina za makatekista. Shuleni kwetu twaliweka wapi? Katika kabati, twasikitika kusema.

Twajua shule chache za Kanisa ambazo zimeanza kuwaita wazazi kabla ya kuamua, si baada yake, na kuahidi kwamba darasa lililoanza kwa mpango mmoja litamaliza kwa mpango huo huo, mpango mpya uanze na watoto wapya. Ahadi hiyo ni ghali kwa shule, maana kwa miaka kadhaa hufundisha mipango miwili chini ya paa moja, na walimu hulalamika. Lakini kwa shule ya Kanisa twaona ni deni.

Mtoto wa ndugu yetu sasa yuko kidato cha pili, shule ya Serikali ya kutwa. Kiingereza alichokileta hakikupotea. Jioni huwasomesha wadogo zake na watoto wa jirani, mezani kwetu, na mara nyingine hutusahihisha sisi. Mwaka jana baba yake alikwenda kutazama shule nyingine kwa ajili ya binti yake mdogo. Safari hii alichukua daftari. Alikuwa ameandika swali moja ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: MTIHANI UPI? Akamwomba mwalimu mkuu aandike jibu chini yake. Mwalimu mkuu alicheka kidogo, kisha akaandika, akatia tarehe na sahihi. Daftari limewekwa ndani ya sanduku, pamoja na vyeti vya ubatizo.